Dimmu Borgir walilainika? Mashabiki wangali wanabishana juu ya "Eonian"

Mu mwezi wa pili wa mwaka 2018, kikundi cha Dimmu Borgir cha inchi ya Norwe kilitoa wimbo mumoja, "Interdimensional Summit". Watu walikuwa wanaungojea karibu miaka nane. Albumu yao ya mbele, "Abrahadabra", ilitoka mu 2010, na toka pale hakukuwa nyimbo mupya za studio, paka konseri yenye waliweka mu video. Sasa wimbo unatoka, watu wanausikiliza, na kitu chenye kinabaki mu masikio ni korali. Wanaume na wanawake wanaimba kwa sauti safi, melodi yenye mutu anaweza kuikamata mara moja na kuiimba mu njia akienda kazi. Gitari ziko nyuma. Batri haikimbie. Na ile sauti ya Shagrath ya kukwaruza, yenye mashabiki wake wanajua toka zamani, inapita katikati sawa mutu mwenye aliingia mu kanisa yenye haiko yake.

Kelele ilianza palepale. Wamoja walisema kama hii haiko tena bleki metali, ni muziki ya sinema. Wengine walisema inafanana na nyimbo za Noeli. Wengine tena walitaja Nightwish, kikundi cha Finlandi chenye kinaimba na sauti ya mwanamuke, na walilitaja lile jina sawa tusi. Lakini kulikuwa pia wenye walifurahi, tena wengi: walisema melodi ni ya kupendeza, korali ni ya ajabu, na kama mutu anataka kelele ya mwaka 1996, diski za mwaka 1996 ziko, hakuna mutu alimunyanganya. Wakati albumu yenyewe, "Eonian", ilitoka tarehe 4 mwezi wa tano, kila upande ulikuwa umeisha kushona bendera yake.

Tunaandika juu ya haya mabishano kwa sababu hayajaisha. Ukitaja "Eonian" leo mbele ya wapenzi wa muziki hii, hautamaliza dakika mbili bila mutu kupandisha sauti. Na tunaona kama chini ya ile kelele kuko ulizo la kweli: kikundi kikikomaa pamoja na watu wake, nani iko na haki ya kusema muziki yake inapaswa kuwa namna gani?

Kwa musomaji mwenye hafuate mambo ya gitari nzito, tueleze kidogo. Bleki metali ya Norwe ilizaliwa mu mwanzo wa miaka ya 1990, mu mikono ya vijana wadogo sana, wengine hata miaka 20 hawakuwa nayo. Muziki ilikuwa ya mbio, ya baridi, yenye kurekodiwa vibaya kwa kusudi, na ilikuwa inachukia kanisa waziwazi. Haikubakia mu maneno. Tarehe 6 mwezi wa sita 1992, kanisa ya mbao ya Fantoft, karibu na Bergen, ilichomwa moto. Mu mwezi wa munane 1993, Øystein Aarseth, mwenye walimuita Euronymous, mupiga gitari wa kikundi Mayhem, aliuawa mu nyumba yake ku Oslo. Mwaka wenye ulifuata, Varg Vikernes, mwanamuziki mwenzake, alipewa kifungo cha miaka 21. Inchi yote ilitetemeka. Hii muziki ilipata jina lake la kuogopesha kupitia mambo ya tribinali kupita hata kupitia diski.

Dimmu Borgir walianza mu mwaka uleule wa 1993, ku Jessheim, kaskazini ya Oslo. Shagrath, jina lake la nyumbani ni Stian Thoresen, alikuwa na miaka 16 hivi. Pamoja naye Silenoz na Tjodalv. Jina la kikundi walilitosha ku Islandi, kwenye kuko mawe meusi ya volkano yenye yalisimama sawa ngome za zamani. Maana yake ni ngome za giza. (Watu wa Goma hawana lazima ya kuelezwa mawe ya namna ile.)

Sasa, jambo la kwanza lenye tunapenda kuweka ku meza: Dimmu Borgir hawakuwa hata siku moja kikundi kikali kupita vingine. Mutu asikilize "Stormblåst" ya 1996, albumu yenye wazee wa hii muziki wanaheshimu sana. Inaanza na piano. Mwendo ni wa pole fasi mingi, ni ya huzuni, kinanda kinalia kila mahali. Watu wenye wanasema leo kama kikundi kimelainika, wengi wao wanaipenda ile albumu ya machozi kupita zote.

Kipande kimoja cha piano mu ile albumu, tukiwa hapo, kiko na kisa chake. Nyuma ya miaka, ilijulikana kama melodi yenyewe ilitoka mu muchezo wa kompyuta, "Agony", yenye ilichezwa ku mashine ya Amiga. Mutunzi wake ni Tim Wright wa Uingereza. Stian Aarstad, mwenye alikuwa anapiga kinanda wakati ule, aliileta bila kuambia wenzake ilitoka wapi. Basi wakati walirekodi tena albumu yote mu 2005, ile piano iliondolewa. Mu ile "Stormblåst" ya pili batri ilikuwa na nguvu mingi, Hellhammer wa Mayhem njo alipiga, sauti ilikuwa safi, gitari zilikuwa mbele. Kwa maneno mengine, ilikuwa ngumu kupita ya kwanza. Na mashabiki? Wengi waliikataa. Walisema roho imetoka. Walitaka ile ya kwanza, yenye ilikuwa na sauti ya vumbi na piano ya kuiba.

Tunasema hivi juu ya kuonyesha kama ugumu peke yake haukuwa hata mara moja kitu chenye watu walikuwa wanatafuta.

Tena malalamiko yenyewe haiko ya leo. Mu 1997, "Enthrone Darkness Triumphant" ilitoka kwa Nuclear Blast, nyumba kubwa ya diski ya Ujerumani. Waliirekodi ku Uswidi, mu studio ya Peter Tägtgren, kwa sauti yenye kuwaka, na maneno yaligeuka Kiingereza. Watu wa kwanza walisema kikundi kimejiuzisha. Leo ileile albumu inahesabiwa kati ya zile kubwa za hii muziki, na mu konseri wimbo wake wa kwanza, "Mourning Palace", unaimbwa na watu wote. Mu 2001, "Puritanical Euphoric Misanthropia" iliingiza wapigaji wa violoni wa opera ya Göteborg. Wengine walikasirika, wengine waliingia mu hii muziki kupitia mulango ule. Mu 2003 ilikuwa orkestra ya Prague. Mu 2007, "In Sorte Diaboli" ilifika namba ya kwanza ku orodha ya mauzo ya Norwe, jambo lenye vijana wa 1993 wangelicheka kama ungewaambia. Kila mara kulikuwa watu wenye walishuka mu gari, na wengine wenye walipanda.

Lakini "Eonian" iliuma kupita, na iko sababu.

Mu mwaka 2009, watu wawili waliondoka: Mustis, mupiga kinanda, na Vortex, mwenye alikuwa anapiga besi na kuimba. Kuondoka kwenyewe hakukuwa kwa amani, Mustis alilalamika mbele ya watu kama hawakumuandika kwa nyimbo zenye alisaidia kutunga. Huyu Vortex, Simen Hestnæs kwa jina lake, alikuwa na sauti ya juu, safi, ya kupanda sawa tai. Toka 1999 ilikuwa inakata katikati ya dhoruba ya kikundi na kupatia watu baridi ku mugongo. Ilikuwa kitu kilaini kabisa mu muziki yao yote, na watu waliabudu ile sauti. Mushabiki mwenye anakulalamikia korali, umuulize tu juu ya Vortex: utamuona anageuka mwingine, macho inaangaa.

Nyuma ya pale, korali njo ilichukua nafasi yake. Mu "Abrahadabra" ya 2010 waliita orkestra ya redio ya taifa ya Norwe na korali Schola Cantorum, jumla zaidi ya watu 100. Mu 2011 walicheza nao ku Oslo Spektrum, na televizyo ya taifa ilionyesha. Fikiria: miaka haifiki 20 toka Fantoft, na redio ya serikali inapatia bleki metali orkestra yake. Mu 2012 walirudilia ku Wacken, Ujerumani, na orkestra ya Waceki. Konseri hizo mbili njo zilitoka mu 2017 kwa jina "Forces of the Northern Night".

Tena ile korali yenyewe! Schola Cantorum ilianzishwa ku Universite ya Oslo mu 1964 na Knut Nystedt, mutunzi mwenye alijulikana ulimwengu muzima kwa nyimbo za dini, zaburi na vitu vya namna ile. Alikufa mu 2014, akiwa na miaka 99. Hatutasema angeona namna gani watoto wa korali yake wakiimba pamoja na watu wenye kupaka uso rangi nyeupe na nyeusi. Lakini wenye walisema "Eonian" inanuka kanisa hawakukosea kabisa. Ile namna ya kupanga sauti nne, ile ya kushika neno na kulivuta mpaka dari itetemeke, ni shule ya kanisa. Musomaji wa Kinshasa mwenye aliisha kusikia Orkestra Simfoniki ya Kimbangu ikicheza pamoja na korali yake anajua hii nguvu: watu makumi wakifungua kinywa pamoja, kila kitu kingine mu chumba kinakuwa kidogo.

Na hapo njo kuko shida ya kweli, kufuatana na masikio yetu. Shida haiko kama korali iko ndani. Shida ni kama haipumzike. Vortex alikuwa anaingia mara moja, mara mbili mu wimbo, na ulikuwa unamungojea. Mu "Eonian" korali inafunika sehemu kubwa ya nyimbo, na gitari za Silenoz na Galder, zenye zamani zilikuwa zinaongoza njia, zinageuka wabeba mizigo. Zinapiga chini, nzito, kwa kushikilia nyumba, lakini hazitembee sana. Mushabiki mwenye alijifunza gitari kwa kuiga hiki kikundi anatafuta kitu cha kuiga, hakipate. Huyu tunamuelewa. Kilio chake haiko cha mutoto mwenye alinyanganywa kitamutamu.

Kuko pia jambo la konseri. Korali ya watu makumi haipande mu basi ya safari. Kwa hiyo siku mingi, wakati kikundi kinacheza bila orkestra, sauti zile zinatoka ku mashine, na wale watano ao sita wenye kusimama mbele wanazifuata. Kwa wimbo wenye korali ni pambo, haisumbue. Kwa wimbo wenye korali ni mwili wote, mutu mwenye alilipa tiketi anaanza kujiuliza nani anaimba.

Wenye kutetea albumu nao wako na yao, na haiko maneno ya bure. Wanasema: sikilizeni zote kumi, musibakie ku wimbo ule wa kwanza kutolewa. "Council of Wolves and Snakes" iko na ngoma za kiganga na sauti ya Mikkel Gaup, muchezaji wa sinema wa Wasami, wenyeji wa kaskazini. Hakuna kitu cha Noeli pale. "Ætheric" inaanza na gitari ya zamani kabisa, yenye vijana wa 1993 wangeitambua. Mu "Alpha Aeon Omega" batri inarudilia mbio zake. Na ku mwisho kuko "Rite of Passage", haina maneno, haina kelele, ni kinanda na violoni na gitari ya pole, na tunakubaliana na wale wenye wanasema kama ile ni kitu kizuri kupita vyote ku diski. Ndiyo, wimbo mulaini kupita zote njo muzuri kupita zote. Mutu aifanyie anachotaka.

Silenoz, kwa upande wake, alieleza wakati ule kama albumu inazungumuzia wakati, namna wakati ni kitu cha kudanganya, na kama ilikuwa pia heshima kwa bleki metali ya Norwe yenye waliizalikia, kwa sababu kikundi kilikuwa kinafikisha miaka 25. Wengine walicheka: heshima gani hii yenye haifanane na muheshimiwa? Lakini tuhesabu kidogo. Shagrath alikuwa na miaka 41 wakati "Eonian" ilitoka. Mutu wa 41 mwenye anajifanya wa 16 anachekesha pia, tena zaidi. Hasira ya kijana iko na fasi yake na saa yake. Ukiirudilia kila miaka mitatu juu diski iuzwe, ile njo kujiuzisha, hata kama batri inakimbia namna gani.

Wakati mwingine watu wanasema kama mashabiki wa bleki metali wanachukia mabadiliko, basi. Hapana, haiko kweli. Waangalie Ulver, wa Oslo vilevile. Mu 1997 walitoa albumu ya kukwaruza masikio kabisa. Mu 2000 walikuwa wameisha kugeukia muziki ya mashine, ya usiku, ya muji mukubwa. Mu 2017 walitoa nyimbo zenye mutu anaweza kucheza dansi. Na watu wengi walewale walibaki nao, kwa heshima. Satyricon walicheza mu 2013 na korali ya Opera ya taifa, wakatoa diski yake mu 2015, na kelele haikufika mbali.

Juu ya nini Ulver anasamehewa na Dimmu Borgir hapana? Tunaona hivi: Ulver alihama nyumba. Alifunga mulango, akaenda, wenye walimupenda walimufuata ao walibaki na diski zake za zamani. Dimmu Borgir walibaki mu nyumba ileile, na jina lile, mavazi yale, miba ku mikono, alama zile, halafu wakabadilisha viti vyote vya ndani. Mushabiki anaingia na kujikwaa. Mutu mwenye aliingia mu hii muziki akiwa na miaka 15, mu muji mudogo wenye hakuna mwenye alimuelewa, alikuwa anapumzikia pale. Hatusemi kikundi kilimukosea. Tunasema tu kama maumivu yake haiko ya kuigiza, na wenye kumwambia asikilize kitu kingine wanamujibu bila kumusikia.

Kisha "Eonian", kimya kilirudi. Mu mwezi wa 12 wa 2023 walitoa "Inspiratio Profanus", mukusanyo wa nyimbo za wengine zenye waliimba kwa miaka mingi, na wenye walikuwa wanatafuta nyimbo mupya walibaki njaa. Mu 2024 Galder aliondoka, nyuma ya zaidi ya miaka 20, juu ya kushugulikia kikundi chake Old Man's Child. Mara hii watu hawakubishana sana. Kila upande ulisikitika. Hata wale wenye walisema gitari za "Eonian" zilikuwa zimelala, walikumbuka gafula zilikuwa za nani.

Kwa musomaji mwenye anataka kujihukumia mwenyewe, tunamushauri asianze na "Interdimensional Summit", juu ule wimbo uliisha kuchafuliwa na mabishano. Aanze na "Stormblåst" ya 1996, usiku, sauti chini. Kisha "Mourning Palace". Kisha achukue "Dimmu Borgir", ule wimbo wa "Abrahadabra" wenye unabeba jina la kikundi, na kama iko na namna auone ku video ya Oslo, korali yote imesimama nyuma. Mwishoni asikie "Rite of Passage". Saa moja na nusu inatosha, na pengine itabaki dakika za kurudilia ule wa mwisho.